Wanasheria tunao, tunawaita nyumba ikishaungua

Wadau, leo nataka tuzungumze habari ya wanasheria. Najua wengi wenu mkilisikia neno hilo mnamwona mtu wa suti nyeusi, begi la ngozi na Kiingereza kirefu. Wengine mnaiona bili. Mimi nataka tuwazungumzie wale wanaolipwa kwa kodi zetu: mawakili wa Serikali, wanasheria wa halmashauri, mahakimu wa Mahakama za Mwanzo, waendesha mashtaka. Na pia wale ambao wangetakiwa kuwa miongoni mwao lakini wako mtaani na bahasha ya kaki.

Nianze kwa kusema niko upande gani, ili usisome mpaka mwisho ukitafuta msimamo wangu. Nchi yetu haina tena uhaba wa watu waliosomea sheria. Tatizo letu ni kwamba hatuwaweki pale mambo yanapoanzia. Serikali inamkumbuka mwanasheria pale kesi inapokuwa imeshafunguliwa, wakati kazi yake kubwa ilitakiwa kufanyika kabla sahihi haijawekwa. Na kule chini, kwenye kata na kijiji, haimkumbuki kabisa.

(Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar wana Mwanasheria Mkuu wao na mahakama zao, na habari yao inahitaji siku yake.)

Tulikotoka

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana vijana wa leo tunapenda kudhani kila tatizo lilianza sisi tulipozaliwa. Mwaka 1961 Watanganyika Waafrika waliokuwa wanasheria walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa nchi huru alikuwa Mwingereza, Roland Brown. Ilibidi tusubiri mpaka mwaka 1965 ndipo Mark Bomani akashika kiti hicho, akakaa nacho hadi 1976. Jaji Mkuu mzalendo tulimpata mwaka 1971, Augustino Saidi, akipokea kijiti kutoka kwa Philip Telford Georges, jaji aliyetoka Karibiani.

Waliokuwa wanaongoza wakati ule waliliona tatizo hili mapema. Ndiyo maana Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam, Oktoba 1961, kabla hata bendera haijapandishwa, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria. Hapakuwa na Mlimani wakati ule. Walianzia kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wao hawakufika ishirini. Hebu fikiri: nchi haina madaktari, haina mainjinia, na bado watu wakasema tuanze na sheria. Walijua kwamba nchi isiyo na watu wake wa kusoma mikataba na kuandika sheria, itaandikiwa na wengine.

Kwa miongo mitatu hivi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho pekee kilichofundisha shahada hiyo hapa nchini. Mhitimu alikuwa mali adimu, na Serikali ilikuwa inamngojea mlangoni. Alitoka darasani akapelekwa wizarani, mahakamani au kwenye shirika la umma. Tatizo la wakati ule lilikuwa kuwapata watu.

Leo ni kinyume chake. Sheria inafundishwa Dar es Salaam, Mzumbe, Iringa, Mwanza, Chuo Kikuu Huria na kwingine. Kila mwaka wanatoka mamia kwa mamia. Ukishatoka chuoni hujamaliza, kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wote tunaiita Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Bila cheti chake huwi wakili, na tangazo la kazi ya uhakimu au uwakili wa Serikali linakidai pia.

Ukipita hapo, unaomba kazi. Zipo njia mbili kubwa: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa upande wa Serikali, na Tume ya Utumishi wa Mahakama kwa upande wa mahakimu. Unajaza fomu kwenye mtandao, unaitwa kwenye usaili wa kuandika, ukipita unaitwa kwenye wa mahojiano. Ukifaulu na nafasi zikawa zimekwisha, jina lako linawekwa kwenye kanzidata. Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye sekondari alifaulu hatua zote hizo. Nilipomuuliza anafanya kazi wapi siku hizi, akanijibu bila kucheka, "Niko kwenye kanzidata." Mchana anakaa kwenye kibanda cha uwakala wa kutuma pesa, na jirani zake wanamwita wakili. Ni kweli ni wakili. Wa M-Pesa.

Sasa mtu atasema, mbona hata walimu na mainjinia wako mtaani, wanasheria wana upekee gani? Swali zuri. Upekee wao ni kwamba kwa kutowatumia tunalipa, na tunalipa kwa dola.

Bili za kuchelewa

Chukua mfano wa Richmond, ambao umri wetu tunaukumbuka vizuri. Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani, mabwawa yamekauka, mkataba wa umeme wa dharura ukasainiwa haraka haraka na kampuni ambayo Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilikuja kuonyesha, Februari 2008, kwamba haikuwa na uwezo wa kazi yenyewe. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Sote tulidhani habari imekwisha. Haikwisha. Mkataba ulikuwa umehamia kwa Dowans, TANESCO ikauvunja, na Novemba 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikaamua TANESCO ilipe karibu shilingi bilioni 94. Siasa zilimwondoa Waziri Mkuu, lakini mkataba ulibaki pale pale na vifungu vyake.

Chukua wa karibuni zaidi. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha mabadiliko makubwa ya sheria za madini kwa hati ya dharura, na baadaye leseni za kuhodhi maeneo ya madini zikafutwa. Nia ilikuwa njema, na mimi ni mmoja wa tuliopiga makofi. Lakini wenye leseni walikuwa na mikataba ya kimataifa ya kulinda uwekezaji mkononi. Kampuni zilizokuwa na mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, kule Nachingwea, zilikwenda kwenye kituo cha usuluhishi cha ICSID, na Julai 2023 zikashinda zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 pande zote zilikubaliana iwe dola milioni 90. Kwa bei ya dola ya wakati huo, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 230.

Na ndege nayo mnaikumbuka. Agosti 2019 ndege yetu aina ya Airbus ilizuiliwa Johannesburg kwa ajili ya deni la fidia ya mashamba yaliyotaifishwa miaka ya 1980. Mkulima mmoja mstaafu na mawakili wake walijua ndege inatua saa ngapi. Mwanzoni mwa Septemba mahakama ya kule ikaiachia, na mawakili wetu walistahili pongezi. Lakini abiria waliokwama, safari zilizofutwa na aibu kwenye magazeti ya dunia, hayo hayarudishwi na hukumu.

Nataka niwe mkweli hapa, maana si kila kesi tumeshindwa. Ile ya Biwater, kampuni ya maji iliyofukuzwa Dar es Salaam mwaka 2005, iliishia Julai 2008 kwa ICSID kusema Tanzania ilikosea lakini hailipi fidia hata senti moja. Na mwaka 2017 mpaka 2019 timu iliyoongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi, mwalimu wa sheria, ilikaa mezani na Barrick mpaka ikazaliwa Twiga. Kwa hiyo anayesema Watanzania hatuwezi sheria za kimataifa anatudharau bure. Tunaweza. Ila tunaweza zaidi kwenye kuzima moto kuliko kwenye kuuzuia.

Mwaka 2018 Serikali iliunda Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ambayo kazi yake ni kuisimamia Serikali kwenye kesi za madai na usuluhishi, na ofisi ya mashtaka ikasimama peke yake. Ni hatua nzuri, siibezi. Lakini angalia vizuri: hata hiyo ni ofisi ya kupigana vita ambayo imeshaanza. Anayetakiwa kuizuia yuko mbali sana na Johannesburg. Yuko wilayani.

Mlango ulioandikwa "Kitengo cha Sheria"

Kwa kazi yangu nimepita kwenye halmashauri kadhaa. Nikifika huwa natafuta mlango ulioandikwa Kitengo cha Sheria. Mara nyingi utakuta meza mbili, kabati moja lisilofunga, mafaili mpaka sakafuni, na mtu mmoja au wawili. Ukimuuliza kazi zake, vuta kiti.

Anaandika sheria ndogo za halmashauri, zile zinazomtoza mama ntilie ushuru. Anaandaa mikataba ya madarasa, zahanati, stendi, soko. Anahudhuria vikao vya madiwani. Anajibu notisi za watu wanaotaka kuishtaki halmashauri. Anakwenda mahakamani. Anamshauri Mkurugenzi kuhusu mtumishi aliyeiba na mtumishi aliyefukuzwa kimakosa. Halafu bado kuna vijiji. Tanzania Bara ina halmashauri 184 na vijiji zaidi ya 12,000. Gawanya mwenyewe, ukikumbuka kwamba halmashauri nyingi za mijini hazina vijiji, kwa hiyo za vijijini zinabeba zaidi.

Kanuni za ununuzi wa umma za mwaka 2013 ziliweka mpaka: mkataba wa shilingi bilioni 1 na kuendelea upitiwe na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ulio chini ya hapo upitiwe na mwanasheria wa taasisi yenyewe. Maana yake, kwa kanuni hizo, mkataba wa shilingi milioni 900, ambao kwa wilaya ya kawaida ni soko zima au barabara nzima, ulikuwa unasomwa na yule yule mtu wa meza mbili, katikati ya kikao cha madiwani na safari ya mahakamani. Na wanaomletea mkataba huo ni nani? Ni ofisi ya Mkurugenzi, ambaye ndiye bosi wake, ndiye mwenye gari, ndiye anayesaini likizo yake. Kitaaluma anatambulika kwamba yuko chini ya Mwanasheria Mkuu. Lakini Mwanasheria Mkuu yuko Dodoma, na Mkurugenzi yuko mlango wa pili. Wewe ungemkatalia nani?

Ndiyo maana nasema suala si idadi peke yake. Kwenye mikataba mikubwa iliyotuumiza, wanasheria walikuwepo mezani. Tunachokosa mara nyingi ni mwanasheria mwenye nafasi ya kusema "mzee, hii haisainiki" na kesho akaamka bado ana kazi.

Na kijijini je? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekipa kijiji madaraka makubwa juu ya ardhi yake. Mwekezaji akija, anakuja na wakili wake kutoka mjini, ramani na karatasi zilizochapwa vizuri. Kijiji kina mwenyekiti, kina mtendaji na kina muhuri. Mkutano mkuu unaitishwa, watu wanaahidiwa zahanati na kisima, mikono inanyooshwa. Ardhi ikishahamishwa kutoka ya kijiji kuwa ya jumla, hairudi kirahisi. Hakuna mtu aliyesimama upande wa kijiji akauliza swali moja dogo: hiyo ahadi ya kisima imeandikwa kifungu cha ngapi?

Mgogoro ukilipuka, mwananchi akitaka kushtaki, napo kuna mlima. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, anayetaka kuishtaki halmashauri, hata Halmashauri ya Kijiji, lazima atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu kwenye kesi, na kesi yenyewe aifungue Mahakama Kuu. Akikosea hapo, kesi inatupwa nje kabla hata hajasikilizwa. Serikali imejizungushia ukuta wa wanasheria. Sawa, ina haki ya kujilinda. Lakini nani amemlinda yule wa nje ya ukuta?

Mama na swali

Niliwahi kukaa Mahakama ya Mwanzo siku nzima nikifuatilia habari nyingine kabisa. Ikaitwa kesi ya mirathi. Mama mmoja wa makamo, kanga mbili, amebeba mfuko wa plastiki wenye karatasi. Shemeji yake alitoa ushahidi vizuri, akamaliza. Hakimu akamgeukia, akamwambia kwa upole, "Mama, una swali lolote kwa shahidi huyu?" Mama akaanza kusimulia. Hakimu akamkatiza, "Si wakati wako wa kueleza, mama. Uliza swali." Akaanza tena kusimulia. Mara ya tatu hakimu akaandika: hana swali.

Hakimu hakufanya kosa lolote. Hawezi kuwa hakimu na hapo hapo akawa wakili wa upande mmoja. Lakini mimi niliyekaa benchi la nyuma niliyaona maswali matatu waziwazi kwenye simulizi la yule mama. Kijana yeyote aliyemaliza mwaka wa pili wa sheria angeyaona. Na vijana hao wako mtaa wa nyuma, kwenye kibanda.

Wapo watakaonikumbusha kwamba kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kuingia Mahakama ya Mwanzo. Kweli. Wazo lilikuwa kwamba mahakama ile ni ya wananchi, lugha ni Kiswahili, hakuna mbwembwe, na mahakimu wake wengi hawakuwa na shahada. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, mawakili wakaruhusiwa kwenye Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na Hakimu Mkazi, na mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama nayo imeongeza mahakimu wenye shahada kwenye ngazi hiyo. Yote haya ni mazuri. Lakini mlango ukifunguliwa kwa mawakili, anayeingia kwanza ni wakili wa mwenye hela. Shemeji atakuja na wakili sasa. Mama atakuja na mfuko wake ule ule wa plastiki.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, wasaidizi wa kisheria wapo vijijini na wanafanya kazi kubwa kwa posho ndogo au bila posho. Tangu 2023 kuna kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani. Naipongeza. Lakini kampeni inafunga turubai na kuondoka. Matatizo ya ardhi na mirathi yenyewe hayaondoki.

Upande wa jinai nako tulichelewa. Kwa miongo mingi aliyesimama kuendesha mashtaka kwenye mahakama za wilaya alikuwa askari polisi. Jeshi lile lile lililokukamata na kukupeleleza, ndilo lilisimama kukushtaki. Sheria ya Huduma za Mashtaka ya mwaka 2008 ikaweka msingi wa kuwapokonya polisi kazi hiyo na kuwapa mawakili wa Serikali. Kila wilaya inapopata mawakili hao, mtuhumiwa na mlalamikaji wote wanafaidika, maana kesi mbovu inaonekana mapema. Huo ni ushahidi kwamba tukiamua kuwaajiri wanasheria mahali sahihi, inawezekana.

"Lakini hawajaiva"

Nazijua hoja za upande wa pili, na ya kwanza ina uzito. Oktoba 2022 matokeo ya Law School yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 wakaondolewa kabisa. Waziri Damas Ndumbaro akaunda kamati, na mwenyekiti wake akawa yule yule Dk. Mwakyembe wa Richmond. Watu wakasema, si mnaona? Mnataka Serikali iajiri hawa?

Jibu langu ni kwamba hao waliofeli siwazungumzii. Nawazungumzia waliofaulu, na bado wako mtaani. Halafu, daktari anaivaje? Akimaliza chuo anapelekwa hospitali mwaka mzima kwa mafunzo ya vitendo, analipwa posho, anasimamiwa na wakubwa zake, na wakati huo huo wagonjwa wanatibiwa. Zamani wahitimu wa sheria nao walikuwa na mafunzo ya vitendo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Mtu haivi kwa kukaa kwenye kanzidata.

Hoja ya pili: hela hakuna. Haya, tupige hesabu ya mtaani. Tuseme mwanasheria mmoja kijana, mshahara na gharama zake zote, anagharimu shilingi milioni 2 kwa mwezi. Nimeweka namba hiyo kwa ajili ya hesabu tu. Tumwongezee kila halmashauri wawili. Hao ni 368, na kwa mwaka ni kama shilingi bilioni 8.8. Zile bilioni 230 za Ntaka Hill peke yake zingewalipa kwa zaidi ya miaka 25. Sisemi hao 368 wangeizuia kesi ile. Nasema tusiambiane hela hakuna, wakati ya kulipia makosa huwa inapatikana.

Hoja ya tatu naipata zaidi kwa wanasheria wenyewe: kazi ya Serikali hailipi, na ukiwa wakili wa Serikali huruhusiwi kubeba kesi za watu binafsi, kwa hiyo walio wazuri wataondoka. Wengine wataondoka kweli. Lakini wengi ninaowafahamu wangebaki kama wangekuwa na vitu viwili: kazi inayoonekana kuwa na maana, na uhakika kwamba ushauri wao hautawekwa chini ya kopo la chai.

Ningekuwa na kalamu ya kusaini

Kwanza, ningeongeza wanasheria halmashauri kabla ya kuongeza makao makuu. Mmoja wa mikataba, mmoja wa mahakama, na mmoja wa vijiji, ambaye ofisi yake ni pikipiki. Huyu wa tatu ndiye angekaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji mwekezaji anapokuja, na kuuliza habari ya kile kifungu cha kisima.

Pili, ushauri wa mwanasheria kwenye kila mkataba wa umma uwe wa maandishi na ubaki kwenye faili. Mkurugenzi au Katibu Mkuu akiamua kwenda kinyume nao, aandike sababu na asaini. Halafu CAG akija kukagua, asome zote mbili. Hapo mwanasheria hatahitaji ushujaa, karatasi itamlinda.

Tatu, kupandishwa cheo na kuhamishwa kwa mwanasheria wa halmashauri kusiwe mkononi mwa yule anayepaswa kumkatalia.

Nne, mwaka mmoja wa utarajali wenye posho kwa waliofaulu Law School, kwenye Mahakama za Mwanzo, magereza na ofisi za kata, wakiwasaidia wasio na wakili. Mwaka ukiisha, anayetaka kwenda kutajirika mjini aende kwa amani. Atakuwa ameshamsaidia mtu kuuliza maswali yake matatu.

Mwaka 1961 waliotutangulia walianza na kitivo cha sheria kwenye jengo la kuazima, kwa sababu waliona nchi bila wanasheria wake itaibiwa. Sisi tuna majengo, tuna vyuo, tuna vijana wenye vyeti viwili viwili. Sina kisingizio cha kuwapelekea wale wazee.

Kwa hiyo naomba mfanye jambo moja wiki hii. Mpigie diwani wako, au msubiri kwenye msiba au harusi, maana huko hawakosi. Muulize halmashauri yenu ina wanasheria wangapi, na nani aliusoma mkataba wa mwisho mliosaini. Akikujibu bila kigugumizi, mna bahati. Akianza kukueleza habari za mvua, basi mjue bili inakuja.